Ulimi wa Shamsa

Watu wa Mtaa wa Sikukuu, pale Kariakoo, watakuapia kwamba Uledi mpishi alikuwa anapika pilau kwa masikio. Haonji, watakwambia. Anainama, anatega sikio karibu na mfuniko wa sufuria, anafumba macho, anatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya kifua, kisha anasema, "Bado chumvi, nusu kiganja." Na kweli inakuwa bado nusu kiganja. Wako watakaokwambia kwamba siku moja alikuwa amekaa kwa kinyozi, povu shavuni, akasikia pilau ya harusi inapikwa Mtaa wa Narung'ombe. Akasimama na povu lake, akapiga kelele, "Iliki! Mwambieni huyo mpishi iliki imezidi!" Watu wakatoka mbio kwenda kuuliza. Iliki ilikuwa imezidi.

Hadithi hiyo aliianzisha Uledi mwenyewe, na kila alipoisimulia mtaa ulizidi kuwa mbali. Kuna mwaka pilau ilikuwa inapikwa Magomeni.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu, na ulijulikana na watu wawili tu. Uledi hakuwa na ladha mdomoni. Ule mwaka watu walipokuwa wanajifukiza, kila nyumba ina sufuria la majani na blanketi, naye aliugua. Akalala wiki tatu, akaamka mzima, isipokuwa ulimi ulikuwa umekufa. Sukari, chumvi, ndimu, vyote vilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Pua nayo ikagoma. Pilipili peke yake aliisikia, maana pilipili haingoji ulimi uitambue, yenyewe inauma tu. Alingoja mwezi mmoja, akangoja wa pili. Ladha haikurudi.

Kilichomwokoa ni Ramadhani. Mwezi ule mpishi aliyefunga hupika futari bila kuonja, au huonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na wanaojitia uchaji hata hiyo ncha hawaitaki. Uledi akatangaza kwamba yeye haonji kabisa, hata tone. Futari ya msikitini ikatoka vizuri, watu wakasifu. Mwezi ukaisha, Idi ikapita, Uledi akaendelea kutoonja na watu wakaendelea kushangaa. Ndipo masikio yakazaliwa.

Mtu wa pili aliyejua alikuwa mkewe, Shamsa.

Uledi akipika shughuli ya watu, kule nyuma uchochoroni kwenye mafiga makubwa, Shamsa alikaa kwenye kibao karibu na moto akimenya vitunguu saumu. Uledi akishakoroga anampa upawa. "Hebu nisuuzie huu." Shamsa anageuka kidogo, anauramba, anausuuza. Chumvi ikiwa bado, anasema, "Leo jua halina nguvu." Ikiwa imezidi, "Nina kiu mie." Viungo visipokolea, analalamika moshi. Na mambo yakikaa sawa hasemi kitu, anakung'uta maganda kwenye kanga yake, anainuka, anaondoka zake. Hapo tena Uledi anatega sikio mbele za watu, anafumba macho, na watu wanashika midomo.

Miaka mitatu na ushei walikwenda hivyo. Harusi, maulidi, hitma, akika za watoto ambao sasa wanakimbia. Hata binti yao, Amira, aliyekuwa anauza duka la dawa kule Mchafukoge na kuishi hukohuko na mumewe, hakujua.

Kisha Shamsa akafa. Jumatatu alikuwa sokoni anagombana na muuza nazi, Jumatano akaanguka bafuni, Ijumaa akazikwa Kisutu. Mambo yalikwenda mbio kiasi kwamba Uledi, mtu wa maneno, hakupata neno la kusema mpaka watu walipomaliza kunawa udongo.

Siku ya thelathini na mbili, Amira akaja na mume wake na orodha ya mambo ya arobaini.

"Baba, tumesema upishi tumpe Abdulkadiri. Wewe ukae na wageni."

"Abdulkadiri yupi? Yule wa Gerezani, anayechemsha mchele kama anafua?"

"Baba, wewe ni mfiwa."

"Mfiwa kakatwa mikono? Mama yako huyu nilimpikia harusi yake mwenyewe. Bwana harusi mzima, kanzu nimeifunga kiunoni, mwiko mkononi. Waulize."

"Mama alisema ni uongo."

"Mama yako alikuwa ndani kajifunika. Angeona wapi?"

Amira akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kisutu, na kicheko kikamgeukia katikati, akafunika uso kwa mtandio. Uledi akamtazama mkwewe, mkwewe akatazama ukuta.

"Chakula chake cha mwisho hakipikwi na mtu mwingine," Uledi akasema. Yakaisha.

Yakaisha kwa Amira, kwa Uledi ndipo yalipoanza. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja. Watu waliomjua Shamsa wakae kwenye masinia siku ile, wale pilau ileile, ile ambayo kwa miaka yote hii ni Shamsa aliyeamua kwamba sasa imekaa sawa. Ileile, isizidi wala kupungua. Na ulimi wa kuipatia hiyo ileile ulikuwa umelala Kisutu.

Akajaribu nyumbani. Akapika sufuria dogo mara tano, kila siku na kipimo chake, ndipo akagundua kwamba maisha yake yote hajawahi kupima kitu. Alikuwa anatia mpaka Shamsa aondoke. Sasa ni nani wa kuondoka? Akampa paka wa jirani zile pilau tano. Paka alikula zote bila kutoa maoni.

Angeweza kumwita Amira aonje. Alilifikiria hilo. Lakini angeanzia wapi kumwambia mtoto aliyefiwa na mama kwamba sifa za baba yake zilikuwa kitendawili cha watu wawili? Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata kwa nafsi yake alilisema kwa sauti ndogo. Alipojaribu kumwona akilini mtu mwingine, yeyote, akiramba ule upawa, macho yake yalikataa.

Ndipo akakumbuka unga wa Josepha.

Josepha alikuwa mtu wa Mbinga, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye banda la chakula karibu na Mtaa wa Msimbazi. Alikuwa hafichi. Unga wake wa ladha ulikaa mezani kwenye chupa ya jemu, vichembe vyeupe vinametameta kama kioo kilichosagwa, ule ambao wengine wanauita chumvi ya Kichina. Supu, maharage, mchicha, kila kitu kilipata chake. Na kwa miaka Uledi alikuwa akipita pale mbele anasimama. "Josepha, leo umepika au umechanganya dawa?" Naye Josepha anajibu bila kugeuka, "Mzee Uledi, wateja wangu wanaramba sahani. Wako wanaramba nini?" Uledi alieneza mtaa mzima kwamba unga ule unakwanguliwa kwenye taa mbovu. Alieneza kwamba kuna bwana wa Temeke aliukula wiki mbili mfululizo, jioni akarudi nyumba siyo, akavua viatu, akalala, na mwenye mke alipomwamsha akamuuliza, "Wewe nani?"

Basi asubuhi ile Josepha alipomwona Uledi anaingia bandani na kukaa kwenye benchi, aliacha chapati iungue.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe chai."

"Chai? Wewe? Kwenye banda la sumu?"

"Sumu iko kwenye mboga. Chai naitaka."

Josepha alicheka, kisha akakumbuka, akashusha sauti. "Pole tena na msiba, mzee wangu. Mama Amira alikuwa mtu wa watu."

"Tumeshapoa." Uledi akapangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Nina rafiki yangu, mpishi, yuko Tanga. Kaniuliza habari za huo unga wako. Huyo rafiki ulimi wake una hitilafu kidogo. Anataka kujua, je, mtu akiutia, chakula kinakuwa kitamu hata kama hakuonja?"

"Rafiki wa Tanga."

"Tanga. Korogwe hasa."

Josepha aligeuka kwenye makopo yake, akachota, akakoroga, akamletea kikombe. Uledi akapuliza, akanywa, akanywa tena, kikafika nusu.

"Chai yako nzuri," akasema, "ila unazidisha sukari."

Josepha akaketi. Akakaa benchi la mbele yake, mikono ina unga wa chapati mpaka kwenye viwiko.

"Nimetia chumvi, mzee wangu. Vijiko viwili. Sukari hamna."

Nje mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga mluzi apishwe. Uledi alitazama ndani ya kikombe kana kwamba angeweza kuiona ile chumvi.

"Tangu lini?" Josepha akauliza.

"Tangu mwaka wa kujifukiza."

"Na zile shughuli zote?"

"Alikuwa anaonja yeye."

Josepha akanyanyua pindo la kanga, akajifuta jicho moja, akabaki na unga shavuni. Uledi alitegemea acheke. Alikuwa amejiandaa kabisa, amebeba na jibu. Kwa kuwa hakucheka, jibu likakosa kazi.

"Arobaini ni Jumapili," akasema. "Sitaki mtu aseme siku ile kwamba Shamsa kaagwa na wali baridi."

"Niite mimi nije nionje."

"Hapana."

"Nitasimama mbali. Nitajifanya naosha vyombo. Nani atajua?"

"Josepha, nimesema hapana. Pale pana mwenyewe."

Josepha aliinuka, akararua kipande cha gazeti, akamimina unga kutoka kwenye ile chupa ya jemu, akafunga kama anavyofunga muuza karanga.

"Kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo tatu. Usizidishe. Na ile chumvi yako ya kawaida upunguze kidogo, maana hii nayo ni chumvi ya namna yake."

"Haina madhara?"

"Ulikuwa unawaambia watu imekwanguliwa kwenye taa."

"Nilikuwa nachangamsha mtaa."

"Walitufundisha kwenye semina ya mama lishe. Ni chumvi iliyotengenezwa tu, na ladha yenyewe imo hata kwenye nyanya, imo kwenye dagaa. Umeanza lini kumwogopa dagaa?"

Uledi akakiweka kile kifurushi mfukoni. Mlangoni akageuka. "Yule bwana wa Temeke," akasema, "sijui alifikia wapi." Josepha akatabasamu. Mzee alipoondoka, akamwaga ile chai nje.

Jumapili moto uliwashwa baada ya sala ya alfajiri. Nyumba ya Uledi ni moja ya zile za chini, zenye baraza, iliyobaki katikati ya maghorofa ya Kariakoo kama jino la mwisho, na uchochoro wake ni mwembamba kiasi kwamba wapangaji wa ghorofa ya pili waliweza kuegemea madirisha yao na kutazama upishi kama watu waliolipia viti. Sufuria lilikuwa la kilo ishirini na moja za mchele. Uledi, msuli na fulana, alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya ngozi ya kiatu. Akatia saumu na tangawizi, nyama, viazi, bizari nzima, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Mikono haikusahau kitu. Mikono haikuwa imefiwa.

Supu ikachemka. Uledi akachota kwa upawa, na bila kufikiri akaunyoosha kushoto kwake. "Hebu nisuuzie..."

Upawa ukabaki hewani. Tone likaanguka, la pili likafuata, mchanga ukalinywa. Kule penye karai la vyombo walikuwa wamesimama wanawake wanne watano, na Josepha kati yao, amekuja kusaidia msiba kama majirani wengine. Alikuwa anamtazama moja kwa moja. Uledi angeinua kidole tu, naye angekuja. Uledi akaurudisha upawa sufuriani.

Akatia chumvi, viganja viwili kama ambavyo mkono ulikumbuka. Akasita. Akarudisha cha tatu alichokuwa amekishika, kisha woga ukamwingia, akatia nusu yake. Halafu akawapa watu mgongo kama mtu anayekaza msuli, akafungua pindo, akafungua lile gazeti, akahesabu vijiko saba kwa mdomo usio na sauti. Vile vichembe vikaingia kwenye supu, vikapotea palepale. Hakikubadilika kitu, si rangi wala povu. Akatia mchele.

Maji yalipokauka, akaweka makaa juu ya mfuniko. Dirishani juu mtu akasema, "Bado kusikiliza!" Watu wakacheka kwa heshima ya msiba, kidogo. Basi Uledi akainama, akatega sikio, akafumba macho. Akasikia wali ukitokota chini kabisa. Ndicho kitu pekee alichowahi kukisikia kwenye sufuria, miaka yote hiyo.

"Tayari," akasema.

Hitma ikasomwa, dua ikaombwa, masinia yakatolewa. Wanaume walikaa kwenye mikeka barazani na barabarani chini ya turubai, sita sita, wanawake ndani na uani. Uledi hakula. Alizunguka na birika la maji ya kunawa, akitazama mikono. Mpishi wa shughuli huwa hatazami nyuso, nyuso zinadanganya, hasa msibani ambapo hakuna anayekitia kasoro chakula cha marehemu. Mikono ndiyo inayosema. Mkono ukichelewa kurudi kwenye sinia, kuna jambo.

Mikono ilikuwa inarudi. Ilikuwa inarudi haraka, ikikutana, ikisukumana. Sinia la kwanza lilionekana chini yake kabla hajamaliza mkeka mmoja. Watu hawakuwa wanazungumza. Mtu mmoja akaomba kuongezewa, kitu ambacho kwenye hitma hakifanywi, na aliyekaa naye hakumtazama vibaya bali na yeye akasogeza sinia.

Nimempatia, Uledi akawaza. Shamsa, nimekupatia.

Kwenye mkeka wa katikati alikuwa amekaa Mzee Sadalla, karani mstaafu wa bandari, mtu ambaye hajawahi kukosa hitma tangu amestaafu na ambaye tumbo lake lilimtangulia kila msiba kwa hatua mbili. Alikuwa anaramba vidole kimoja baada ya kingine.

"Uledi bwana!" akaita. "Njoo hapa. Leo umefanya nini?"

"Nimepika."

"Hapana, hapana. Siku zote umepika. Leo umejipita. Nimekula pilau zako, sijui mia ngapi, lakini ya leo?" Akawageukia wenzake. "Si kweli? Ya leo imekolea mpaka kwenye mfupa."

"Kweli," wakasema watu. "Wallahi kweli."

"Sasa najiuliza," Sadalla akaendelea, na jicho lake likapata ule mng'aro wa mtani, "miaka yote mzee alikuwa na nini? Halafu nakumbuka, kila akipika, marehemu yuko ubavuni pake anamshughulisha, mara jua, mara kiu, mara moshi! Kumbe Shamsa, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa anatuharibia pilau!"

Kicheko kikapita kwenye mikeka. Kilikuwa kicheko cha upendo. Kwa utani wa watu wale, mtu anayetaniwa siku ya arobaini yake ni mtu aliyependwa, na mfiwa mwenyewe hutarajiwa acheke na kuongeza lake. Walimtazama Uledi waone ataongeza nini. Alikuwa na nafasi nzuri. Angesema, "Sasa nimepumzika masikio," na wangelala kwa kucheka, na ingekuwa hadithi ya mwaka.

Uledi akaweka birika chini.

"Sikilizeni," akasema. "Mimi sina ulimi."

"Tena hilo tunalijua, umebaki na masikio!" akadakia mtu.

"Sina ladha. Tangu mwaka wa kujifukiza. Sisikii chumvi, sisikii sukari. Aliyekuwa anaonja ni Shamsa. Akisema jua, maana yake chumvi bado. Akisema kiu, imezidi. Mimi sijawahi kusikia kitu kwenye sufuria. Pilau zote zile mlizokula ni ulimi wake. Hii ya leo siijui ni nini, nimetia unga wa Josepha. Ya leo ndiyo siyo."

Mzee Sadalla akapiga paja lake.

"Uledi! Hata leo! Hata kwenye arobaini!"

Wakaangua kicheko. Mmoja alipaliwa ikabidi apigwe mgongoni. "Moshi nao ulikuwa nini?" akauliza mwingine, machozi yanamtoka. "Mwulizeni moshi!" Uledi akasema viungo, moshi ulikuwa viungo, na wakazidi. Sheikh aliyesoma dua akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika, akasema Mungu amlipe mfiwa anayewaliwaza wageni wake. "Unga wa Josepha!" akasema kijana mmoja. "Si ni huyu huyu alisema umetoka kwenye taa?" Uledi alizungusha macho kwenye mikeka ile akitafuta uso mmoja tu. Alikuwa amewalisha maneno yake miaka arobaini, wameshiba, na hili la kweli halikupata pa kukaa.

"Mzee, nifungie kidogo na ya nyumbani," Sadalla akasema alipokuwa anaondoka, amemshika mkono kwa huruma ya kweli. "Mgonjwa wangu hali kitu, labda hii. Nitamwambia ni pilau ya Shamsa."

Alasiri turubai lilikuwa limeshushwa. Uledi alikuwa uchochoroni peke yake, amekaa kwenye kibao cha vitunguu mbele ya sufuria tupu, ukoko umeshika chini mweusi. Amira akatoka uani na sahani yake. Alikuwa amekula matonge mawili, matatu, iliyobaki amekuja nayo.

"Ulichokisema barazani," akasema, "wanawake tumesikia."

"Mlicheka?"

"Walicheka." Akachuchumaa karibu naye. "Mimi nimejua ni kweli, baba."

"Nani kakwambia? Josepha?"

"Nimekula."

Uledi akaitazama ile sahani. "Mbaya?"

"Tamu. Tamu sana, ndiyo maana nikajua." Amira akachezea punje kwa kidole. "Baba, pilau ya mama ilikuwa inapungua chumvi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Tangu daktari alipomkataza chumvi, ulimi wake ulizoea. Kitu kikiwa nusu, kwake kimetosha. Na sisi tukafikiri ni wewe, ndiyo mtindo wako mpya. Mzee Sadalla anatembea na chumvi kwenye karatasi, ndani ya mfuko wa kanzu. Ule wakati wa bismillahi, mkono wake wa kushoto ukiutazama uko mfukoni. Wanawake tulikuwa tunapitishiana kikopo nyuma ya sinia."

"Miaka yote hii?"

"Miwili na kidogo."

"Na mkanyamaza."

"Mtu anapika kwa masikio, nani aanze kumwambia hasikii vizuri?"

Uledi akataka kucheka. Kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote alivyowahi kutunga, Kariakoo nzima imebeba chumvi mifukoni, na yeye katikati kafumba macho. Kicheko kikafika kifuani kikavunjika hapo, na kilichotoka kilikuwa sauti ambayo Amira hakuwahi kuisikia kwa baba yake, hata Kisutu. Akaweka sahani chini, akamshika bega.

"Leo nimekaa na wenzangu," Amira akasema, "wote wanafurahi, hakuna aliyetoa kikopo. Nikawa natafuta pale panapopungua. Nikala tonge, sipaoni. La pili, sipaoni. Nikasema basi, kweli amekufa."

Uledi akajifuta uso kwa fulana. Aliiangalia mikono yake, akaikunja, akaikunjua.

"Kesho nunua mchele kilo moja," akasema. "Tupike sisi wawili. Naanza na chumvi kidogo, naongeza kidogo, wewe unaonja. Ukiifikia ya mama yako unaniambia simama."

"Kesho nina zamu dukani."

"Keshokutwa."

"Zamu mpaka Alhamisi, baba. Nilichukua siku nyingi za msiba."

"Basi Ijumaa."

"Ijumaa." Amira akachota punje chache kwenye sahani, akazitia mdomoni, akatafuna polepole, ametazama ukutani kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu. Akatafuna mpaka zikaisha. "Hii nayo tamu," akasema. "Inafunika." Akaisogeza sahani mbali kwa mguu. "Baba, Ijumaa nitakuwa bado naikumbuka?"

Uledi aliinuka, akachota maji kwenye pipa kwa ndoo ndogo, akayamimina sufuriani, ukoko upate kulainika.